Kidonda Kisichokuwepo

Nchi yenyewe iko mbali sana, kwa hiyo asitokee mtu akaanza kuchungulia dirishani. Inaitwa Jamhuri ya Matulivu, na watu wake wamejaliwa bahati ambayo mataifa mengine huisikia redioni tu: kule, mtu mzima akipatwa na ugonjwa wa kukaa nao, ule usiomuua leo wala kumwacha kesho, serikali humtunza bure mpaka mwisho wake. Ni sheria. Ilipitishwa bungeni kwa makofi, ikachapishwa kwa wino wa dhahabu, na ukurasa wake wa kwanza umetundikwa katika kila zahanati, pale ambapo zamani palikuwa na kabati la dawa.

Kuna sharti moja dogo tu, nalo linaanzia ukurasa wa pili na kuishia ukurasa wa mia tatu na kumi. Mgonjwa sharti astahiki.

Ili jambo hilo liende vizuri, iliundwa Wizara ya Matunzo na Kustahiki. Idara ya Matunzo ina watumishi wanne, na mmoja wao yuko likizo. Idara ya Kustahiki ina watumishi mia nne, na inatangaza nafasi nyingine. Juu ya lango la Wizara pameandikwa kwa herufi za kimo cha mtu: HAKUNA ATAKAYEACHWA BILA KUPIMWA. Na haki ya Mungu, hakuna aliyeachwa.

*

Katika nchi hiyo aliishi Siwema, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye mtoto mchanga aitwaye Tausi, cherehani ya kushonea sare za shule, na baba. Mumewe alikuwa machimboni, mwendo wa siku mbili kwa basi, akirudi mwisho wa mwezi kama barabara ikipenda.

Baba yake, Mzee Shomvi, alikuwa amepaka chokaa majengo ya serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Asubuhi moja kiharusi kikamwangusha palepale juu ya ngazi yake. Kikamchukua mkono, kikamchukua mguu, kikamchukua na maneno. Yalibaki maneno matatu tu, yale ambayo ulimi umeyazoea mno hata ugonjwa ukashindwa kuyang'oa: "Marahaba," "Njema," na "Salama." Ukimwamkia, anaitikia. Ukimuuliza habari, ni njema. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya, salama.

Daktari alimwambia Siwema jambo moja, akalirudia mara mbili ili asisahau. "Mgeuze kila baada ya saa mbili. Usiku na mchana. Ukimwacha alalie ubavu mmoja, ngozi itaoza. Kidonda cha kulalia kikishaingia mfupani, binti yangu, ndiyo basi tena."

Basi Siwema akawa anamgeuza. Mara kumi na mbili kwa siku, na katikati ya hapo Tausi naye anataka ziwa, na sare za watu zinataka vifungo. Tangu mfungo wa Ramadhani hakuwa amelala zaidi ya saa mbili kwa mkupuo, na mgongo wake ulianza kutoa sauti kama mlango wa zamani. Alichotaka kutoka kwenye ile sheria ya wino wa dhahabu kilikuwa kitu kimoja: mhudumu mmoja, hata wa nusu siku, wa kumsaidia kumgeuza baba kabla mgongo wake haujakatika. Maana siku ukikatika, baba naye atakuwa amekwisha.

Akajaza ombi. Akajibiwa kwamba Mtathmini atafika Jumanne.

Hapo ndipo Siwema alipokosea, na ni kosa ambalo halifanywi isipokuwa na mtu aliyelelewa na mama mwenye adabu. Aliona anakuja mgeni. Akadeki nyumba nzima. Akafukiza udi. Akamwogesha baba, akamkata kucha, akamvisha kanzu ya Idi na kofia, akamwegemeza kwenye mito mitatu. Shuka lenye madoa akalisukumia uvunguni. Akakaanga sambusa. Sasa ulitaka amwonyeshe mgeni uchafu?

*

"Hodi humu!"

"Karibu, bwana, karibu ndani."

Aliingia Bwana Sudi Makwega, Mtathmini wa Daraja la Pili, akiwa na mkoba, rula, na Fomu ya Milango Tisa. Alikuwa kijana mwenye heshima zake. Hilo lazima lisemwe, maana ndilo lililoharibu mambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitika Mzee Shomvi, wazi kabisa.

"Habari za asubuhi?"

"Njema."

"Umeamkaje?"

"Salama."

Makwega akaandika: Mlango wa Kwanza, Mawasiliano. Mgonjwa anajibu maswali yote bila kukosea.

"Samahani, bwana," Siwema akasema. "Hayo ndiyo maneno yake yote. Mengine hana. Muulize jina lake uone."

"Dada, hapa anahojiwa mgonjwa. Mzee, jina lako nani?"

"Njema."

Makwega akatabasamu. "Wazee wetu hawa wana haya, hawapendi kujitaja. Haya, mzee wangu, unaumwa popote?"

"Salama."

Mlango wa Pili, Maumivu: hakuna.

"Bwana, usiku analia!"

"Usiku si saa za kazi, dada. Tuendelee. Nani anamwogesha?"

"Mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ya vuguvugu."

Makwega akaiweka kalamu chini, akapumua. "Hapo sasa pana ugumu. Maji ya moto ni tiba, yanaingia katika Wizara yetu. Maji baridi ni ustawi wa jamii, hayatuhusu. Vuguvugu liko kwenye kamati."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu. Lakini wanakwenda vizuri. Mwezi uliopita wamekubaliana kuhusu ndoo."

Alipofika Mlango wa Saba, Ngozi, aliomba kuuona mgongo wa mgonjwa. Siwema akamgeuza baba taratibu, mkono mmoja begani, mmoja kiunoni. Mgongo ulikuwa laini, unang'aa mafuta ya nazi. Makwega akaiweka rula juu yake, akaiondoa, akaiweka tena chini zaidi. Hapakuwa na cha kupima.

"Kidonda hakuna?"

"Hakuna, bwana, kwa kuwa namgeuza kila baada ya..."

"Hakuna," Makwega akaandika, akapigia mstari. Kisha akala sambusa ya nne, akashukuru kwa mikono miwili, na alipokuwa akivaa viatu mlangoni akasema kwa moyo mweupe, "Hongera sana, dada. Nyumba inanukia raha."

*

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Wizara inayo furaha kukujulisha kwamba mgonjwa wako Hastahiki. Tunampongeza yeye na familia yake, na tunamtakia ugonjwa mwema.

Siwema akamfunga Tausi mgongoni, akamwachia jirani ufunguo na kazi ya kumgeuza baba mara moja, akaenda Wizarani. Kuta za Wizara zilikuwa nyeupe pe. Alizijua. Kila akitazama kona iliyopakwa vizuri alijua ni mkono wa nani.

Katika dirisha la sita alikaa mama mmoja wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, sema."

"Baba yangu hawezi kujigeuza. Wameandika hana haja ya mtu wa kumgeuza."

"Ana kidonda?"

"Hana."

"Basi haja hana."

"Mama, hana kidonda kwa sababu mimi namgeuza."

"Unaona sasa! Unajijibu mwenyewe. Haja yake imeshatimizwa. Haja iliyotimizwa si haja tena, mwanangu, ni kumbukumbu. Na kumbukumbu ziko Wizara ya Utamaduni, ghorofa ya pili."

"Na nikiacha kumgeuza?"

"Hapo haja itarudi."

"Atakufa, mama."

Mama wa dirisha la sita akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti kwa huruma ya kweli. "Ila asife mapema. Mfu hastahiki. Mlango wa Tisa."

Hakuwa anatania. Kila mtu kwenye foleni aliijua habari ya mzee mmoja wa mtaa wa viwandani aliyepata milango yote tisa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Jamhuri. Cheti chake kilifika siku ya hitma. Kikasomwa baada ya dua, na waombolezaji wakala wali wakitikisa vichwa, wakisema kumbe marehemu alikuwa mtu mkubwa hivyo.

Siwema akaomba karatasi ya rufaa. Akaijaza akiwa amesimama, kwa mwandiko mzuri, kila jibu kwenye nafasi yake. Bado aliamini kwamba mtu akieleza jambo kwa utaratibu, ataeleweka. Akaambiwa wakubwa wenyewe watafika nyumbani kwake Alhamisi ya wiki ijayo.

*

"Wewe akili zako za vitabu tu," Bi Kirembwe alimwambia siku ile alipopita kurudisha ufunguo. Ndiye jirani aliyemgeuza Mzee Shomvi, na mikono ilikuwa bado inamuuma. "Udi! Kanzu! Ulikuwa unamwoza? Mtu wa serikali anakuja kutafuta ugonjwa, wewe unamfichia uvunguni!"

"Nilimwonea haya mgeni, Bi Kirembwe."

"Haya hazijazi fomu. Watazame wana wa Mzee Fundo hapo ng'ambo. Wamemlaza baba yao ubavu mmoja siku nne, wamefunga mlango, wanacheza bao nje. Leo ana kidonda unaingiza ngumi. Milango saba wamepata! Wanangoja mhudumu tu."

"Na hiyo si dhambi?"

"Dhambi, ndiyo. Lakini ina mhuri." Bi Kirembwe akamshika bega. "Sikiliza, shoga yangu. Siku tatu tu. Usimgeuze. Wakishaona kidonda, wakishaandika, basi, utampaka dawa, apone. Usipofanya hivyo utakufa wewe kwanza, na huyo mtoto atanyonya nini?"

Siwema akaupokea ufunguo. Lakini Jumatatu, baada ya kumgeuza baba alfajiri, alitoka uani, akatandika mkeka, akampakata Tausi, akaapa hataingia chumbani mpaka jua liwe kichwani.

Saa ya kwanza ilipita. Tausi akanyonya, akasinzia. Saa ya pili ikapita. Mwili wa Siwema ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea, akaukalisha. Akaanza kuhesabu vifungo vya sare. Akapoteza hesabu. Akaanza upya.

Ndani kulikuwa kimya. Kisha ikasikika sauti ya baba, ndogo, kama ya mtu anayemjibu aliye mbali.

"Njema."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Njema," akasema tena. Na baada ya kitambo, kwa shida, "Njema."

Siwema akamlaza Tausi kwenye mkeka, akaingia. Mzee Shomvi alikuwa ameelekea ukutani vilevile alivyomwacha. Chozi limemtoka jicho la juu, limevuka pua, limeingia jicho la chini, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kulifuta. Siwema akamgeuza. Kwenye nyonga palikuwa pameanza wekundu wa kiasi cha sarafu. Akapaka mafuta, akasugua kwa kiganja, polepole, huku akisema, "Nisamehe baba, nisamehe, sirudii," mpaka ule wekundu ukafifia na kuondoka kabisa.

Hivyo ndivyo alivyoipoteza rufaa yake, siku tatu kabla haijasikilizwa.

*

Alhamisi walifika watatu: Makwega, karani wa kushika mwavuli, na Mkurugenzi Mkuu wa Kustahiki mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Kapteni Mstaafu Ngwilizi, mtu ambaye vyeo vyake vilitangulia mlangoni naye akafuata baadaye. Walikuja na tochi, rula mbili na kioo cha kukuzia. Wakamtazama Mzee Shomvi kisigino, nyonga, mabega, nyuma ya masikio. Mkurugenzi akapiga magoti. Akainuka, uso umejaa mshangao.

"Hakuna hata alama ya mbu!"

"Waheshimiwa," Siwema akasema, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga, "kidonda mnachokitafuta mimi ndiye ninayekizuia. Kila baada ya saa mbili nakizuia. Sasa siwezi tena. Kama mnataka kuona kilipokwenda, kimehamia kwenye mgongo wangu."

Mkurugenzi akamgeukia karani. "Mgongo wake una fomu?"

"Hauna, mheshimiwa."

"Basi tusiuchanganye na mambo mengine." Akakohoa, akashika ukosi wa koti. "Ndugu wananchi!" akaanza, ingawa chumbani mlikuwa na watu sita na mmoja wao ananyonya. "Kwa miaka mingi maadui wa maendeleo wametuuliza: matunzo yako wapi? Wametuuliza bungeni, wametuuliza magazetini. Leo nasimama mbele ya matunzo! Nayaona! Nayanusa! Nani ameyaleta? Ni Sheria! Maana tusingelimkatalia mzee huyu, je, binti huyu angelijituma hivi?"

Karani akapiga makofi, mwavuli ukamdondoka.

"Wanaostahiki tunao," Mkurugenzi akaendelea. "Tulichokosa ni mahali pa kuwaweka. Kwa mamlaka niliyopewa, naitangaza nyumba hii kuwa Kituo cha Taifa cha Matunzo ya Muda Mrefu, cha kwanza tangu Sheria ipite."

"Na baba?" Siwema akauliza.

"Baba yupi?"

"Huyu uliyeegemea kitanda chake, mheshimiwa."

"Aa, huyo hastahiki, hilo limekwisha. Ila hatumfukuzi. Serikali ina ubinadamu."

*

Jumamosi Makwega alirudi na ubao wa kupigilia mlangoni na daftari la Kituo. Daftari lilikuwa na kurasa mbili tu: Wagonjwa Wanaostahiki, na Vifaa Vilivyokutwa. Akaandika kitanda cha mbao, mito mitatu, beseni. Alipomfikia Mzee Shomvi akasimama, akatafuna kalamu. Ukurasa wa kwanza hawezi kumwandika, atapoteza kazi. Kumwacha kabisa pia hawezi, maana kila kilichomo katika Kituo lazima kionekane daftarini.

"Dada, utaniwia radhi," akasema, na masikio yalimwiva kwa aibu. Akaandika: Kifaa namba nne. Mzee, mmoja, safi. Akatia saini.

Jumatatu gari la Wizara likamleta Mzee Fundo, yule wa ng'ambo ya barabara, na kidonda chake chenye milango saba. Pamoja naye alishuka mhudumu wa serikali, Chausiku, mwanamke wa mikono mipana, amevaa shati la kijani. Makwega akapiga mstari wa chaki katikati ya chumba. Upande wa kulia, matunzo. Upande wa kushoto, vifaa. Mhudumu asivuke.

Siku mbili nzima ilikuwa hivyo: kulia Chausiku anamgeuza Mzee Fundo na kumsafisha kidonda huku akiwalaani wanawe kwa sauti ya chini, kushoto Siwema anamgeuza baba yake huku ameuma meno. Mara moja walikutana macho wakiwa wote wameinama.

"Mgongo, mdogo wangu?"

"Mgongo, dada."

Siku ya tatu Chausiku akatoa kijitabu mfukoni. "Umezisoma Kanuni za Kituo?"

"Ukurasa wa kwanza tu. Nilichoka."

"Mimi nimezisoma zote. Kule makao makuu sikuwa na kazi nyingine. Soma hapa, ya kumi na saba."

Siwema akasoma kwa sauti. "Mhudumu atatunza vifaa vyote vilivyoorodheshwa. Atavisafisha na kuvikausha kila siku, atapaka mafuta viungio vyake, wala hatakiacha kifaa chochote kilalie upande mmoja muda mrefu kikaharibika. Atakayezembea atafukuzwa kazi." Akalitazama daftari. Akamtazama baba yake.

"Nina watoto watatu wanasoma," Chausiku akasema, akivuka mstari wa chaki. "Mimi sitaki kufukuzwa kazi. Shikamoo, mzee. Hebu sogea nikupake mafuta viungio."

*

Kwa matunzo hayo kidonda cha Mzee Fundo kikaanza kujaa nyama, na katika mwezi wa tatu kikafunga. Siku iyo hiyo, kwa kuwa Wizara haichelewi katika mambo ya msingi, Makwega akatokea mchana na barua. Mzee Fundo hana tena kidonda, hivyo Hastahiki, hivyo arudishwe kwa wanawe, na Chausiku arudi makao makuu kukaa.

Akamkuta Chausiku upande wa kushoto, amemkumbatia Mzee Shomvi kumgeuza.

"Chausiku! Huyo hastahiki! Unamhudumia?"

"Namhudumia nani, bwana? Natunza kifaa namba nne. Saini hii si yako?"

Makwega akaisoma saini yake, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Mzigo ukamtoka mabegani. "Hapo sawa. Mali ya serikali lazima itunzwe."

"Na nikiondoka mimi ataitunza nani? Ikiharibika, ataulizwa aliyeiandikisha."

Makwega akakaa kwenye kiti, barua ya Mzee Fundo mkononi. Kisha akaikunja mara nne, akafungua daftari ukurasa wa vifaa, akalowesha ncha ya kalamu mdomoni. Kifaa namba tano, akaandika. Mzee, mmoja. Kimefanyiwa matengenezo.

Kabla ya kuondoka aliinama kukagua vifaa vyote viwili, kama inavyotakiwa. "Hiki kiwiko mbona kikavu?" akamkaripia Chausiku kwa sauti ya kikubwa. "Ongeza mafuta. Na kila baada ya saa mbili, usisahau."

Siwema hakuyasikia hayo. Alikuwa uani, mchana kweupe, amelala chali kwenye mkeka na Tausi juu ya kifua chake. Saa ya nne ya usingizi wake ilikuwa inaingia, na hakuna mtu aliyemwamsha.